Kaseti Iliyorudi na Mpira

Miaka thelathini na moja sasa, na bado yule mama fundi cherehani akisikia mpira unatangazwa redioni anazima. Si kwamba anauchukia mpira. Anamchukia Jogoo.

Jogoo alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ambayo mdogo wake fundi, kitinda mimba wao, aliipigia gitaa. Jina la Jogoo alijipa mwenyewe, na mtu anayejipa jina mwenyewe ni wa kutazamwa mara mbili. Siku ya kuzindua sahani yao ya santuri, wimbo mkubwa ulivurugika mbele za watu. Wimbo wenyewe uko hivi: gitaa linaanza peke yake, linazunguka mara nne, ya nne ikiisha sauti inaingia. Siku ile sauti na gitaa viligongana, kila kimoja kikashika njia yake, dramu ikasimama, watu wakazomea. Jogoo akashuka jukwaani akisema mpiga gitaa kalewa, kapitiliza, kazunguka mara moja zaidi. Kalewa nini, mtu ambaye hata bia hajawahi kuionja. Lakini wimbo ulikuwa mpya, hakuna aliyeujua, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyesadikiwa. Bendi ikamfukuza mdogo wake fundi.

Ila fundi alikuwa amerekodi. Alikaa mstari wa tatu na redio kaseti mapajani, akabonyeza kitufe mwanzo hadi mwisho. Aliposema ushahidi anao, Jogoo alikuja nyumbani mwenyewe, mpole kama mgonjwa. "Niazime nikasikilize tu, dada. Kama nimekosa nitakiri." Fundi akampa. Mpaka leo hajui alikula nini asubuhi ile. Kaseti ilirudi baada ya wiki, kwenye bahasha safi, na ndani yake, badala ya wimbo, matangazo ya mpira, kuanzia kipenga cha kwanza mpaka mapumziko.

"Watoto hao," Jogoo alisema.

Wakati huo Jogoo hakuwa na mtoto hata mmoja.

Tangu siku hiyo fundi haazimi mtu kitu, hata sindano. Mdogo wake akawa fundi rangi. Sahani ile ikapata jina, ule wimbo ukapigwa kila harusi, na yeye kila ukianza alikuwa anaweka brashi chini na kwenda nje kunywa maji. Siku moja, akimpakia dada yake rangi ukuta wa sebule, alisema bila kugeuka, "Labda ni mimi kweli, dada. Labda nilipitiliza."

"Paka ukuta, acha upuuzi," fundi akamjibu.

Lakini neno lile lilimwingia. Mtu aliyezoea kushuku hana breki. Siku nyingine mguu uko kwenye kanyagio, cherehani inakwenda, anajikuta anajiuliza: na kama kweli? Hapo anaudhika na nafsi yake, anakata uzi kwa meno, anaanza upya.

Basi mwaka huu bendi ikafufuliwa. Mpiga dramu ndiye aliyeleta habari, mzee mzima na kitambi chake, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Watu wanautaka ule wimbo, dada. Na ule mwanzo hakuna anayeupiga kama mdogo wako. Tumejaribu vijana wawili, wapi."

"Kwa hiyo mmemkumbuka baada ya kushindwa."

"Usiseme hivyo. Jogoo mwenyewe ndiye aliyesema aitwe."

"Hapo sasa ndipo umeniharibia kabisa," fundi alisema, akamwondolea kikombe cha chai kabla hakijaisha.

Mdogo wake alifurahi kama aliyetoka kifungoni. Alinunua nyuzi mpya za gitaa, akawa anajisugua rangi kwenye kucha kwa mafuta ya taa. Fundi alimtazama akaona wanakwenda kumuua mara ya pili. Akatoa ile redio kaseti kabatini, akaweka betri mpya, akanunua kaseti ambayo haijafunguliwa, akaifungua mwenyewe. Akashona mfuko. Upande mmoja aliweka kitambaa kizito, upande wa kinasa sauti akaweka chepesi cha pazia. Alivijaribu vitambaa vitano kwa kuimba mwenyewe mbele ya mfuko, mpaka jirani akauliza ukutani kama kuna mgonjwa.

Jumamosi mchana, mlangoni mwa ukumbi, mlinzi akapapasa mfuko.

"Nini hiki, mama?"

"Redio."

"Unaingia kwenye muziki na redio?"

"Kwani wakiishiwa itakuwaje?"

Mlinzi akacheka, akampisha. Fundi akakaa mstari wa tatu.

Walipofika kwenye wimbo wenyewe, akabonyeza kitufe. Gitaa likaanza. Na ikawa vilevile kama ile siku: sauti ikapandia juu ya gitaa, vikagongana. Tofauti ni kwamba safari hii wimbo haukufa. Watu walikuwa wanauimba kwa nguvu mno, wakaubeba, bendi ikawafuata. Ulipoisha Jogoo akacheka kwenye kipaza sauti. "Mpiga gitaa wetu kazeeka jamani, bado anapitiliza. Msameheni." Ukumbi ukacheka. Fundi aliiona shingo ya mdogo wake ikiinama.

Nyumbani aliiweka redio juu ya meza ya cherehani, akavuta kiti, na hakubonyeza. Alifagia kwanza. Akapanga vifungo kwa rangi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kama kanda ingesema ni mdogo wake, basi miaka thelathini na moja alikuwa ameitafuna bure, na Jogoo ni mkweli, na hilo angelimezaje?

Mwisho akachomoa uzi kwenye sindano, akaweka mguu kwenye kanyagio, maana mguu wake ndio anaouamini kuhesabu. Akabonyeza. Gitaa: moja. Mbili. Tatu. Jogoo akaingia.

Fundi aliacha mguu uendelee. Gitaa likazunguka mara ya nne, taratibu, bila wasiwasi. Ya nne ikaisha, na hapo hapo ikaingia sauti ya mwanamke aliyekuwa amekaa kulia kwake, halafu mstari mzima, halafu ukumbi wote, mamia ya watu, kila mmoja mahali pake kama ilivyo kwenye sahani, na Jogoo yuko mbele huko peke yake kama aliyekosea kituo.

Alirudisha kanda mara saba. Hakumwambia mtu. Siku tatu kaseti ililala kifuani mwake.

Jumanne bendi ilikaa chumba cha mazoezi, nyuma ya karakana ya seremala. Fundi alifika Jogoo akiwa katikati ya hotuba.

"Simlaumu, vidole vimechoka tu. Kwenye ziara tuchukue kijana."

Mdogo wake alikuwa ameshaanza kulivisha gitaa lake mfuko. "Sawa," alisema. "Ni mimi. Nimezoea."

"Vua huo mfuko," fundi akamwambia, akaweka redio juu ya spika. Hakusalimia. Akabonyeza.

Walisikiliza. Kanda ilipofika pale ukumbi ulipoingia, mpiga dramu alikuwa anagonga hesabu kwenye goti lake, na mkono ukabaki hewani.

"Rudisha," alisema. Fundi akarudisha. Mpiga dramu akahesabu kwa sauti, kisha akamgeukia mwimbaji. "Jogoo. Umeingia kwenye tatu."

"Kanda mbovu hiyo, sauti za watu zimefunika."

"Ndiyo, watu," fundi alisema. "Ukumbi mzima wameingia pamoja na gitaa. Wote wamelewa, bwana mkubwa? Au wote wamezeeka?"

Jogoo aliangalia mlango, akaangalia viatu vyake.

"Niliwahi," alisema.

"Jumamosi tu?"

Nje randa ya seremala ilikuwa ikikwaruza ubao. "Na ile siku ya uzinduzi," Jogoo alisema. "Nilisikia kwenye kaseti yako. Niliogopa wangenifukuza mimi."

Mdogo wake fundi alikaa chini kwenye kasha la dramu. Midomo ilikuwa ikihesabu: moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayejipapasa kuona kama mfupa umepona.

"Dada," Jogoo alisema, sauti imekuwa ya mgonjwa tena, "niachie hiyo kaseti nikaisikilize vizuri nyumbani."

Fundi aliitoa kaseti kwenye redio. Mgongoni mwake kuna vile vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi kitu juu yake, iwe mpira, iwe mahubiri. Alichukua mkasi wake wa kukatia nyuzi, akavivunja mbele ya Jogoo, kimoja, kisha cha pili, akamwekea vipande kiganjani.

"Sikiliza hivyo," alisema.

Halafu akamgeukia mdogo wake, akamwambia atoe gitaa, waanze tangu mwanzo, na yeye akavuta kiti akakaa karibu na Jogoo, mguu sakafuni, akihesabu.