Ruhusa ya Kuingiza Mbwa

Nimefanya kazi nyingi za kipuuzi maishani, lakini ya kipuuzi kuliko zote ilikuwa kutunza mbwa wa meneja.

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, wala nyumbani hawakushindwa kunisomesha. Nilichoka tu kukaa mahali pamoja. Tangu hapo nikawa nafuata chochote nisichokijua. Nilikata mkonge, nikapasua mbao, nikateremka hadi Kisaki wakati reli ya Zambia inajengwa, kwa sababu nilitaka kuona jinsi chuma kizito namna ile kinavyonyooshwa porini. Nilipoona, nikaondoka. Niliporudi Morogoro mjini nikasikia kuna bwana mkubwa anatafuta mtu wa kutunza mbwa na watu wa mtaa mzima wamekataa. Wengi wao walikuwa Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Hawakutaka kushinda wakijitwaharisha kwa ajili ya mnyama wa mtu mwingine. Mimi nilikubali kwa sababu nilisikia mbwa hao wanalala kitandani, na nilitaka kuona kitanda chenyewe.

Kitanda kilikuwepo kweli. Meneja alikuwa mkubwa wa shirika moja la umma, akapewa nyumba aliyoiacha Mzungu wa mkonge. Alirithi kila kilichokuwamo: viti vya ngozi, picha ya farasi ukutani, na mbwa wawili wa kuwindia ndege, dume na jike, weupe wenye madoa ya kahawia na masikio kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Ofisini alihutubia juu ya unyonyaji mpaka mate yakaruka. Nyumbani mbwa wake walikula nyama hata siku ambazo makarani wake walipanga foleni ya unga tangu alfajiri. Aliwaamrisha kwa Kiingereza tu. Akisema Kiswahili hawakuinua hata sikio, naye alilisimulia jambo hilo kwa wageni kama sifa.

Hakuwahi kuua hata njiwa. Lakini picha ya farasi ilikuwa imemwingia kichwani, akaamua kuwa mwindaji. Alikwenda kwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, akakata leseni ya kuwinda ndege, akaambiwa msimu wa kanga bado haujafunguliwa, angoje masika yaishe kabisa. Kungoja hakukuwa kazi yake.

"Sheria inakataza risasi kabla ya msimu," aliniambia. "Haikatazi mbwa kunusa."

Basi wiki tatu kabla ya msimu tukaanza kwenda kunusa. Tulishika njia ya Kisaki, tukaizunguka milima, tukateremka hadi kijiji kimoja ambako mito ya Uluguru ikishafika chini hutulia na watu hulima mpunga. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa dhahabu. Kanga walishuka kutoka vichakani kula punje zilizodondoka, makundi kwa makundi. Meneja aliegesha Landrova kando ya shamba, akafungua mlango, na mbwa wakaruka nje.

Shamba lile lilikuwa la mwanamke mmoja wa makamo, mkavu, mwenye sauti ya chini. Ninaposema la mwanamke nasema sawasawa. Waluguru hurithi ardhi upande wa mama. Mwanamume akioa hulima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, hula humo, huzeeka humo, lakini mkewe akifa hukunja jamvi lake akaenda zake. Mimi si mtu wa huko, ila nilikuwa nimekwisha kuuliza, maana mimi huuliza kila kitu. Meneja hakuwa mtu wa huko wala hakuwa mtu wa kuuliza.

Mwaka ule kulikuwa na jambo jingine. Watu walikuwa wamesogezwa wakae pamoja, na kijiji kilikuwa kinaandikisha mashamba upya katika daftari. Kila kaya kipande chake, kwa jina la mkuu wa kaya; kinachobaki bila mwenyewe kinaingia shamba la ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa bara aliyehamia pale kwa kazi, na kwao mkuu wa kaya ni mwanamume, hakuna mjadala. Mwanamke huyu alikuwa amekwenda kwake mara tatu kutaka shamba la mama yake liandikwe kwa jina lake. Mara tatu aliambiwa angoje. Likiandikwa jina la mume, ukoo wake umekwisha; binti zake wangelima kwa kuomba. Hayo yalijulikana kijiji kizima. Nilisimuliwa siku ya kwanza tu, kabla sijamaliza muwa niliouziwa barabarani.

Siku hiyo alitokea katikati ya mpunga na mabonge ya udongo mkononi. Bonge la kwanza lilimpata dume mbavuni.

"Ndugu, hawa mbwa ni wako?"

"Mama, hawa ni mbwa wa mafunzo," meneja akasema.

"Wanajifunza nini kwenye mpunga wangu?"

"Kunusa kanga."

"Kanga nawajua mimi, huwa nawafukuza kwa debe. Mbwa wako sijawahi kuwaalika. Waite."

Meneja akawaita kwa Kiingereza, tukaondoka. Tulipofika mbele ya kilabu cha pombe, akauliza kama mwanamke yule ana mume. Akaonyeshwa. Mume alikuwa amekaa palepale kilabuni, asubuhi ile, miguu ameinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi ya mwaka mzima. Miaka kumi na miwili alikuwa anakula mpunga wa lile shamba, na watu walisema jembe lake bado lilikuwa na rangi ya dukani.

Meneja alimpa koti la kaki, kuukuu lakini lenye mifuko minne. Mume akalivaa hapohapo, katika joto la kukaanga karanga, akafunga vifungo vyote.

"Nataka ruhusa yako kwa maandishi," meneja akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Una mwandiko?"

Nilikuwa nao. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, na nilijivunia kama mwanamke anavyojivunia ushanga. Akaniambia niandike juu ya boneti: Mimi ndiye mwenye shamba lililo kando ya mto, namruhusu Ndugu Meneja kuingiza mbwa wake wakati wowote, kabla ya msimu wa kanga na baada yake.

Nilifika kwenye "mwenye shamba," nikasimamisha kalamu.

"Bwana, shamba ni la mkewe."

"Andika. Mke ana shamba tangu lini?"

Mume akacheka, akanipiga begani. "Andika, kijana. Huyu bwana anaelewa mambo."

Nikaandika. Si kwamba niliogopa. Kazi ile ningeweza kuiacha saa yoyote, nilikuwa nimeacha nzuri kuliko hiyo. Niliandika kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe, kalamu ilikuwa ya wino, na watu watano wa kilabuni walikuwa wamenizunguka wakitazama herufi zangu. Mume akapaka wino kidole gumba, akakibandika. Nimewadharau watu wengi katika habari hii na bado nawadharau, lakini siwezi kujiruka mwenyewe.

Wiki iliyofuata tulirudi. Meneja alikuwa na karatasi mfukoni, na alitembea kama mtu mwenye karatasi mfukoni. Mbwa wakaachiwa. Jike akanusa, akasimama wima, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, kama walivyofundishwa na Mzungu wao. Akimgandia ndege namna hiyo, ndege anatakiwa atulie, kisha aruke juu apigwe risasi. Lakini kanga wetu hawakusoma shule hiyo. Kanga akiona hatari hukimbia kwa miguu. Kundi zima likatimka ndani ya mpunga, mbwa wakasahau mafunzo, wakatimka nyuma yao. Walikwenda hadi mtoni, wakarudi, wakazunguka, wakarudi tena. Meneja alisimama tutani akipiga kelele za Kiingereza na filimbi. Kila mbwa walipopita, mpunga ulilala. Ulikuwa umebakiza siku chache kuvunwa, punje zimekomaa, zikadondoka topeni. Hawakukamata hata unyoya.

Mwanamke alipofika hakurusha bonge. Alitazama tu, akainama, akainua suke moja, akaliachia. Kisha akaelekea kwa mwenyekiti. Meneja akamfuata kwa furaha kabisa. Ndiyo hasa siku aliyoitengenezea karatasi. Mume akaitwa, akaja na koti lake.

Mwenyekiti alisikiliza malalamiko, akapokea karatasi, akaisoma kwa sauti. Mwandiko wangu ulisomeka vizuri mno. Alipomaliza akavuta daftari la kijiji karibu.

"Kwa kweli jambo hili limetusaidia," akasema. "Hapa pamekuwa na utata wa siku nyingi. Sasa mwenye shamba amejulikana, na mbwa waliingia kwa ruhusa yake."

"Amejulikana na nani?" mwanamke akauliza.

"Na karatasi hii, mama."

"Karatasi hii imelima wapi?"

Mume akakohoa. "Usitutie aibu mbele ya wageni, mama watoto."

Mwanamke hakumgeukia. "Ndugu Mwenyekiti, ukiandika shamba humo, huandiki mipaka?"

"Naandika. Mipaka minne."

"Basi mwenye shamba akuonyeshe."

Mwenyekiti akafikiri, akaona si ombi baya, maana alihitaji mipaka kwa vyovyote. Tukatoka wote, saa nne ya asubuhi, jua limewaka. Meneja alitaka kubaki garini, lakini alitaka vilevile kuona anavyoshinda, akaja.

Mume alianza vizuri. Mpaka wa kwanza ulikuwa barabara, na barabara aliijua kwa kuwa ndiyo njia ya kilabuni. Mpaka wa pili akaonyesha ukingo wa mto, akasimama. "Linaishia hapa." Mwanamke akatazama ng'ambo tu. Baada ya hapo mume akawa anatembea polepole, jasho linapenya kwenye koti, macho yanatafuta. Mwisho akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: akafuata mpunga uliolala. Mbwa walipopita, naye akapita, akidhani mbwa wale, walioingizwa kwa ruhusa yake, wasingeweza kuvuka shamba lake. Akafika mwisho wa uharibifu, akanyoosha mkono.

"Na huu hapa ni mpaka wa tatu."

Mwanamke jirani alikuwa ameinama palepale akiinua mpunga wake uliokanyagwa. Akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Shemeji! Tangu lini umenioa na mimi?"

Watu waliokuwa wanatufuata wakaangua kicheko. Jirani hakuishia hapo. "Kama shamba langu lako, njoo basi ukae na watoto, niende mimi kilabuni! Na hilo koti vua, nilivae mimi!"

Mume akafungua kifungo kimoja. Mpaka wa nne hakuutafuta.

Mwenyekiti akamgeukia mwanamke, sauti yake sasa nyingine. "Mama, wewe ungeonyesha wapi?"

Akaonyesha. Hakutembea haraka. Mpaka wa jirani ulikuwa jiwe lililozikwa nusu, hatua nyingi nyuma ya pale mume aliposimama. Kisha akavuka mto, maji ya magotini, na ng'ambo kulikuwa na migomba na viazi vikuu ambavyo mume, kwa uso aliokuwa nao, alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza. Chini ya migomba palikuwa na kaburi lililofagiliwa.

"Hili la nani?" mwenyekiti akamuuliza mume.

"La mama mkwe."

"Na mama yako amezikwa wapi?"

"Kwetu. Huko juu milimani."

"Basi shamba lako liko huko juu milimani," mwenyekiti akasema. Alikuwa mtu wa bara na mbishi, lakini hakuwa kipofu. Akaitoa karatasi mfukoni. "Nani aliandika hii?"

"Mimi," nikasema.

"Ulijua shamba ni la nani?"

"Nilijua."

Meneja akaruka kama aliyechomwa. "Ndugu Mwenyekiti, huyu kijana aliandika alivyotaka yeye! Mimi nilimwambia tu habari za mbwa."

Mume akaitikia kwa kichwa kukubaliana naye, maana koti bado alikuwa nalo. Sikubisha. Mwenyekiti alimwambia meneja kwamba mbwa wake wasionekane tena kijijini, msimu ukifunguliwa au usifunguliwe, na Bwana Nyama atapelekewa habari. Meneja akatembea hadi kwenye Landrova bila kuniangalia, akampandisha jike kwenye kiti changu, dume nyuma, akaondoka. Nilibaki na nguo nilizovaa.

Tulirudi ofisini. Mwenyekiti akaandika katika daftari, mistari sita au saba, akageuza daftari upande wa mwanamke, akasogeza kidau cha wino.

"Weka kidole hapa, mama."

Mwanamke hakuweka. Hakujua kusoma, na alikuwa ameona asubuhi ileile kidole gumba kinaweza kufanya nini. Nikasogea. Nilitaka kusaidia, na nadhani nilitaka pia kuonekana nasoma.

"Nikusomee, mama?"

Alinitazama kwa muda mfupi tu, kama unavyotazama chungu kuona kimepasuka wapi.

"Wewe hapana."

Akamwita jirani. Jirani alikuwa anahudhuria masomo ya watu wazima, huo ukiwa mwezi wake wa nne, na bado alisoma kwa kidole. Akaanza kukata silabi moja moja, akirudi nyuma kila alipokosea, jasho linamtoka, na tukamngoja wote, hata mwenyekiti. Alisoma jina la mwanamke. Akasoma barabara, jiwe, ng'ambo ya mto, kaburi. Ilichukua muda ambao mimi ningesoma mara ishirini.

"Ndivyo ilivyo?" mwanamke akauliza.

"Ndivyo ilivyo, shoga."

Ndipo akachovya kidole, akakibandika, akakifuta kwenye khanga. Wakachukua visu vyao vya kuvunia, wakaenda kuokota kilichosalia topeni.