Kichwa Namba Mia Moja na Kumi na Nne

Wanafunzi walimwita Soma Tena. Hawakuthubutu kumwita hivyo mbele yake, ingawa alijua siku nyingi. Daktari kijana alikuwa akishaeleza picha ya kichwa cha mgonjwa, anashusha pumzi akidhani kamaliza kazi, na yule mama aliyekaa nyuma kwenye kiti kilichozibwa kwa plasta za hospitali anasema maneno yale yale mawili. Aliyepatia alisoma tena, na aliyekosea alisoma tena. Wapo waliotoka chumba kile wakiapa kwamba hana huruma hata chembe. Hao hao, walipokwenda kufanya kazi kwenye hospitali zao, ndio waliompigia simu kumshukuru.

Hakufika pale kwa mteremko. Alianzia chumba cha giza, akisafisha filamu za eksirei kwa dawa iliyomnukisha vidole mpaka mumewe akamtania kwamba ameoa betri. Akiwa na miaka ishirini na tisa na watoto wawili, alirudi darasani kusomea udaktari, kisha udaktari wa picha. Alipomaliza, mwanawe wa kwanza alikuwa ameanza kunyoa ndevu.

Utafiti wake ulianza na swali ambalo wengine waliona ni la kujitafutia kazi. Vipimo vya ubongo wenye afya walivyovitumia vilitoka vitabuni, na vichwa vilivyopimwa humo vilikuwa vya watu wa mbali. Je, vya watu wa hapa? Kwa miaka sita aliwabembeleza wazima wa afya walale ndani ya ile mashine yenye makelele: manesi, walimu, mafundi bomba, hata dereva wa hospitali. Walifika watu mia tatu na kumi na wawili. Kila kichwa alikipima mwenyewe vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, akaandika namba, akaweka alama kwamba huyu ni mzima. Makala ilikuwa tayari. Ilibaki kutumwa Alhamisi.

Jumatatu asubuhi alimkuta dereva uani, kachuchumaa, anasugua mkwaruzo ubavuni mwa gari.

"Umegombana tena na geti, mzee?"

"Geti ndilo linanifuata, daktari. Juzi lilinifuata kulia, leo kushoto. Bosi kasema likinifuata tena nirudishe funguo." Akacheka kidogo. "Ila nyie si mlinipiga picha ya kichwa mwaka juzi, mkasema niko safi? Basi ni uzee tu."

Alicheka naye, akaenda zake. Alipofika katikati ya ngazi, akasimama. Kulia, na kushoto. Mtu anayepoteza kuona pembeni, pande zote mbili, wakati mbele bado anaona sawasawa: somo hilo alikuwa amelifundisha mpaka angeweza kulifundisha usingizini.

Alifungua kwenye kompyuta kichwa namba mia moja na kumi na nne, cha dereva. Mistari yake ya kupimia ilikuwa pale pale, imenyooka, ya kupendeza. Na chini yake, kwenye tezi iliyo sakafuni mwa ubongo, jirani na mahali neva za macho zinapopishana, palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hakikujificha. Ni kwamba jicho lake lilifuata rula, likapata namba liliyoitaka, likaridhika. Kichwa kile alikuwa amekipima, hakukisoma. Yeye, kati ya watu wote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Daktari mwanafunzi aliyemsaidia kupiga hesabu aliiangalia picha, kisha akamwangalia yeye. Alikuwa binti mwenye akili na alimpenda mwalimu wake.

"Mwalimu, tukimtoa huyu mmoja kimyakimya, hesabu hazibadiliki."

"Hazibadiliki," alisema. "Na macho yake je?"

Alishuka uani, akafungua mlango wa gari, akakaa kiti cha abiria kando ya dereva. Angeweza kumtuma nesi. Wengi wetu tungemtuma nesi.

"Mzee, ile picha niliisoma mimi. Kulikuwa na kivimbe, nikakipita. Kinabana neva za macho yako."

Dereva alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Kwa hiyo si uzee?"

"Si uzee."

"Afadhali. Mke wangu ameshaanza kunishika mkono tukivuka barabara." Kisha utani ukamwishia. "Nitaona tena vizuri?"

"Sijui. Nikisema najua, nitakuwa nimekukosea mara ya pili."

Siku ile ile walimpiga picha mpya. Punje ilikuwa imekuwa zabibu. Wiki iliyofuata madaktari wa upasuaji walikitoa kivimbe kwa kupitia puani, na daktari wa macho akasema wasubiri miezi mitatu: kwa wengine uwezo wa kuona pembeni hurudi, kwa wengine haurudi. Makala haikutumwa Alhamisi ile wala iliyofuata. Soma Tena alivirudia vichwa vyote, kila kimoja kikisomwa na watu wawili wasioambiana walichokiona, na hakuna aliyeruhusiwa kushika rula kabla hajasoma. Waliomwambia anajichosha bure aliwajibu kwa kuwapa vichwa ishirini ishirini.

Miezi mitatu ilipokaribia kwisha, siku mbili kabla ya dereva kupimwa macho, mwalimu alimwomba ruhusa ya kuonyesha picha yake darasani. Dereva akasema atakuja mwenyewe, kichwa chake hakitembei bila yeye. Akaketi kiti cha mbele, ubavuni mwa meza ya mwalimu.

"Pimeni vyumba vya maji," mwalimu aliwaambia wanafunzi. Wakapima, wote wakapatia. "Huyu ni mzima?" Wote wakasema ni mzima, isipokuwa binti wa hesabu, aliyeinamisha uso.

"Hivyo ndivyo nilivyosema na mimi. Nilikosea, na mtu akakaribia kupofuka." Aligeuka kuwaonyesha kivimbe, na kiwiko chake kikasukuma kikombe cha chai mpaka ukingoni mwa meza.

Dereva alikuwa amekaza macho kwenye skrini, anatafuta kichwani mwake hicho kinachosemwa. Hakugeuza shingo. Mkono wake ulikwenda wenyewe pembeni, ukakidaka kikombe, ukakirudisha mezani.

Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Yeye ndiye aliyechelewa kuelewa kwa nini wanamtazama.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Nasikiliza."

Lakini mwalimu hakuweza kuendelea. Ilibidi kwanza avue miwani.