Siku Nilipompeleka Mama Saanane

Tangu mama aletwe Mwanza kutibiwa, nilikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ilikwenda kiwandani Nyakato, ambako nilisimama kutwa nzima kwenye sakafu yenye maji nikikata minofu ya sangara. Ya pili ilikwenda hospitali, ambako tulikaa kwenye benchi tukisubiri jina lake liitwe. Katika chumba changu cha Igogo yeye alilala kitandani, mimi chini. Asubuhi niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, alisimama akakitazama kisiwa cha Saanane.

"Wanasema pale kuna wanyama. Umewaona?"

Nilicheka. Nimeishi mji huu tangu usichana wangu, na kisiwa kile nilikuwa nakiona kama mtu anavyoona paa la jirani.

"Bado, mama."

"Basi twende. Nimechoka kuangalia kuta."

Nilichotaka mimi ni kulala. Lakini mama hakuwa mtu wa kuombaomba vitu, kwa hiyo sikubisha.

Kwao ni Kwimba, mbali na maji. Ndani ya boti aliung'ang'ania mkono wangu mpaka tulipofika. Kijana wa kutuongoza, aliyevaa sare ya kijani, akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hawa wanyama wako nani anawachunga?"

"Wanajichunga wenyewe, bibi."

Mama akatikisa kichwa, kama aliyesikia habari za familia isiyo na mpango.

Kijana alitaka tupande hadi juu ya mawe, mahali unapouona mji wote. Mama alipanda akijishika magoti. Nilimfuata nyuma, miguu yangu mizito kana kwamba bado nimevaa buti za kiwandani. Katikati ya njia akakaa kwenye jiwe pana lenye kivuli. Nikamwambia kijana atuache kidogo. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na pimbi walikuwa wamejianika juani kwenye mwamba wa pili, hawana haraka na mtu. Niliegemea jiwe nivute pumzi tu.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehama. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama, na miguu yangu imefunikwa kanga yake. Alikuwa ananipungia nzi kwa kijiti chenye majani.

"Mama! Mbona hukuniamsha? Hatujaona kitu!"

"Mimi nimeona. Kenge mkubwa amepita hapo. Swala wamekuja, wametutazama, wamekwenda zao. Na wewe umekoroma kama marehemu baba yako."

Nikataka kuinuka. Akanizuia begani.

"Nirudishe nyumbani, mwanangu."

"Boti itakuja sasa hivi."

"Sisemi Igogo. Nasema kwangu."

"Na matibabu?"

"Dawa nitazimeza hukohuko. Wewe utaisha kabla yangu."

Miezi yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba haoni, kwamba namficha vizuri. Yakaja machozi, yale ya mtu aliyechoka, yasiyo na sauti. Hakunibembeleza. Aliendelea kupunga nzi mpaka nikamaliza. Kisha tukashuka polepole, juu ya mawe hatukufika.

Wiki ile tuliongea na daktari. Hakufurahi, lakini mwishowe alimwandikia dawa za kutosha na kumtaka arudi kuangaliwa kila baada ya muda. Kaka yangu akaja kumchukua. Pale stendi mama alikataa kushikwa mkono. Akapanda basi mwenyewe, ngazi kwa ngazi, abiria wakisubiri nyuma yake. Basi likaondoka, nami nikaenda kuingia zamu ya mchana.

Hajapona. Kaka anasema kuna siku hatoki ndani kabisa. Ila msimu huu, nilipokwenda kumsalimia, nilimkuta ameketi chini shambani, anapalilia viazi kwa mkono mmoja, taratibu sana.