Majibu Mawili ya Kaka Yangu

Waitu, ndugu zangu, kila aliyetafuna kahawa kwetu Nyanga leo asome hapa sasa hivi.

Asubuhi kaka yangu karudi kutoka Muleba. Hospitali ya huko walimweka chini ya uangalizi kwa sababu alimuuguza mwenzake mwenye ile homa ya kutoka damu. Majibu yalisema hana virusi.

Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja. Kaka mwenyewe akashika kibakuli cha kahawa, akawa anamwekea kila mgeni punje kiganjani, atafune, kama sisi Wahaya tulivyozoea kukaribisha wageni. Wengine walimkumbatia. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Saa nane simu yake ikaita. Nesi wa kule Muleba.

"Usimguse mtu. Damu ile ile tumeipima tena, imeonyesha virusi. Tunakuja."

Kaka akauliza, "Sasa jibu la kweli ni lipi?"

Nesi akajibu, "Bado hatujui. Tutapima mara ya tatu."

Kaka kajifungia chumbani. Mama amekaa mlangoni, anamsemesha kwa Kihaya, haondoki.

Tafadhali msije kwetu. Msipige simu za pole.

Andikeni hapa chini majina tu, nani alikula. Mimi nawakumbuka tisa, na kibakuli kilichokuwa kimejaa kiko tupu.