Motoka ya Kwenda Bulaya

Jumamosi asubuhi, ua wa nyuma wa fleti zetu kule Etterbeek, jijini Brussels, ulinukia nta ya magari. Mimi na wadogo zangu, Nadège na Ilunga, tulishuka ngazi mbio, maana lifti ilikuwa mbovu tena, tukamkuta Tonton Numbi wa ghorofa ya chini akisugua boneti taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Gari halikuwa lake. Tajiri mmoja wa Evere alilikodisha kwa maharusi, na Tonton alikuwa dereva. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, na gari lile la Kiingereza lilikuwa jipya, jeusi, refu, na puani lilibeba herufi B iliyoota mabawa mawili. Ndani mlikuwa na harufu ya ngozi na mbao zilizopigwa msasa mpaka zikang'aa kama asali. Tonton alituruhusu kukaa kiti cha nyuma, mradi tuvue viatu.

Akiwa anasugua, alitusimulia historia ya gari hilo. Zamani, alisema, Waingereza wenye pesa walikuwa na gari la milango miwili lililokwenda kasi sana, na kiwanda hakikutaka mtu aliongezee milango. Lakini mafundi wa bodi, waliokuwa wakifinyanga mabati kwa mikono, walishikilia kwamba hata mwenye familia ana haki ya kukimbia. Wakaruhusiwa kutengeneza la milango minne. Mkubwa wao akalipa jina kutoka kwenye nembo ya ukoo wake: chuma ambacho mpanda farasi hukivaa kisiginoni ili kumhimiza mnyama, ila hiki kilikuwa na mabawa. Baadaye jina likalala miaka mingi, kiwanda kikanunuliwa na Wajerumani, ndipo likaamshwa na kupewa gari hili lenye silinda kumi na mbili, linalopita kilomita mia tatu kwa saa. Baadhi ya yale ya mwanzo yaliungwa Ujerumani kwenyewe, jambo lililozua ubishi kila Tonton alipopita Galerie d'Ixelles, jengo la maduka na saluni za Wakongo. “Mon frère, moteur ni ya ba-Allemand,” kinyozi mmoja alimwambia, “adabu tu njo ya ba-Anglais!” Kuambiwa kwamba injini ni ya Wajerumani kulimfanya Tonton anune hadi jioni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeacha shule. Nilisuka nywele katika saluni moja mle mle Galerie. Baba alifariki tukiwa bado Lubumbashi, na mama akamfuata kaburini mwaka wa pili baada ya kufika Brussels, akatuacha kwa mdogo wake, Maman Béa. Majira yale ya kiangazi Maman Béa alikuwa anaolewa na Papa Dédé, mwanamume mpole aliyeendesha basi. Furaha ilijaa nyumbani, ila niliwasikia dada za bwana harusi wakizungumza jikoni. Nyumba ya maharusi ni ndogo, walisema. Nadège aende Liège kwa shangazi mmoja, Ilunga aende Anvers kwa mwingine, na mimi, bon, mimi ni mkubwa tayari. Niliingia jikoni nikawaambia, kwa heshima zote, kwamba sisi ni watatu na tutabaki watatu. “Tutaona kisha ya ndoa,” mmoja alinijibu, akiendelea kumenya vitunguu.

Sikujua kwamba Ilunga, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa na hesabu zake. Kwetu Katanga, Ulaya tunaiita Bulaya, na mama alikuwa amemwahidi kwamba Bulaya ni mahali pasipo na shida. Yeye alikuwa ameishi Etterbeek, akaona mvua na ngazi, akaamua kwamba hatujafika. Kisha akaiona ile B yenye mabawa.

Siku ya harusi, Maman Béa alitoka na gauni lililoziba mlango mzima, vigelegele vikapigwa hadi majirani wakafungua madirisha. Ilunga alikuwa ameshaingia garini, miguu mitupu, amejifunga mkanda.

“Weye mutoto, shuka!” Tonton Numbi alifoka.

“Sishuke! Motoka inaenda Bulaya. Angalia, B njo ya Bulaya. Maman Béa haende peke yake!”

“Mais, tuko Bulaya hapa!”

“Bulaya gani ya lifti inakufaka kila siku?”

Ua mzima uliangua kicheko. Dada za bwana harusi wakasogea kumvuta. Mimi nikamshika Nadège mkono, nikamkalisha kando ya Ilunga, kisha nikasimama mlangoni. Papa Dédé alitutazama sote, akavua koti lake, akacheka mpaka machozi. “Alors, kama ni Bulaya, bote baende. Yaya, weye dada mukubwa, ikala mbele. Na kisha ya ndoa motoka itabarudisha ku nyumba yangu, bote batatu. Dada zangu, munasikia?”

Viti vikawa vimekwisha. Hivyo bibi harusi alifika komini, ofisi ya mtaa ya kufungia ndoa, akiwa na watoto watatu bila mume, na mume akaja nyuma katika gari la mizigo la rafiki yake, amekaa juu ya kreti za bia, akipunga mkono kama mfalme. Nadhani hakuna gari lolote la silinda kumi na mbili lililowahi kupanda Avenue de Tervueren likiimba kwaya kama letu. Tonton Numbi naye aliimba, sauti ya nne.

Leo gari lile limeshapata warithi. Miaka ya elfu mbili na kumi lilikuja jingine lenye jina fupi zaidi na taa za duara zilizobadilishwa mpangilio, na ninapoliona mbele ya hoteli karibu na ofisi za Umoja wa Ulaya, naona kioo cheusi na dereva anayeangalia simu. Ilunga ni mrefu kuliko mlango na anapanda baiskeli. Nadège amehamia Liège, kwa hiari yake, anafundisha watoto kusoma. Mwaka ule Liège ilikuwa mbali kuliko Lubumbashi. Siku hizi Jumapili napanda treni, nalala usingizi kidogo, nafika, na mlango wake naufungua kwa ufunguo wangu.