Tovuti Iliyomzika Mama Mkwe

Mimi ni mtoto wa reli, na sisi watoto wa reli tunasema kwa sauti. Baba yangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni hapa Kamina, na nyumbani kwetu kosa halikulala: ulikosea asubuhi, uliambiwa asubuhi, na jirani aliyesikia aliongeza lake kupitia ukuta. Nilipoolewa katika familia ya walimu wa Kimethodisti nilidhani nimehamia hospitali. Watu wanaongea polepole, wanashukuru kabla ya kula na baada ya kula, na hakuna anayekuambia kwamba mboga yako ina chumvi nyingi. Wanakunywa maji tu.

Si kwamba hawajui kukosoa. Mama mkwe wangu alifundisha miaka mingi katika shule ya ualimu, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya darasa wakati mwanafunzi akitoa somo la majaribio mbele ya wenzake. Baada ya somo huja kitu wanachokiita critique. Mwenye somo anasimama ubaoni na kunyamaza. Wenzake wanaanza na mazuri, ndipo wanataja ya kurekebisha, na yeye haruhusiwi kujitetea mpaka apewe neno mwishoni. Mume wangu na dada yake walipita wote mikononi mwa mama yao, na mpaka leo wanaisimulia critique kama watu wanavyosimulia malaria waliyopona. Lakini hayo yalikuwa mambo ya shule. Nyumbani ilikuwa heri kuteseka kuliko kumuudhi mtu.

Alipostaafu, Mama alifungua nyumba ya kulea wasichana wanafunzi. Walitoka Mulongo, Bukama, Kabondo-Dianda, watoto ambao wazazi wao walitaka wasome mjini bila kuzungushwa kutoka kwa shangazi huyu hadi kwa mjomba yule. Mwaka ninaousimulia vitanda vilikuwa vimebaki vitupu zaidi ya nusu. Shemeji yangu mkubwa, anayeishi Lubumbashi, akasema kwa upendo wote kwamba kama vitanda havitajaa shule zikifunguliwa Septemba, basi Mama afunge nyumba aje akae kwake. Chumba kiko tayari, na televisheni imo. Mama alimjibu kwa adabu. Siku moja tukichambua majani ya sombe, yeye na mimi peke yetu, akasema bila kuinua macho, akiniita bukwe, yaani mkwe:

"Kule nitafanya nini, bukwe? Kuikala tu mu fauteuil, kuangalia télé."

Niliumia. Nilimwogopa yule mama, lakini nilimpenda, na sikuweza kumfikiria ameketi kwenye kochi bila mtoto wa kumwamrisha aoge.

Nikamwambia nitamtengenezea tovuti. Kazi hiyo nilijifunza Lubumbashi katika ofisi ndogo iliyotengeneza kadi za harusi, kalenda na tovuti, na hapa Kamina naifanya katika chumba changu karibu na soko, kwa umeme wa jua. Nilijitolea kwelikweli. Nikaweka ukurasa mweusi, maandishi membamba ya rangi ya dhahabu, na katikati picha ya Mama, uso tu, niliyoiondoa rangi zote ikabaki nyeusi na nyeupe. Nikaizungushia fremu nyembamba, na chini yake nikaandika: "Mwalimu, mlezi, mama wa wengi." Kule Lubumbashi wanasheria na madaktari wote walitaka picha za namna hiyo. Chini zaidi nikaweka kanuni za nyumba alizoandika Mama mwenyewe, bila kugusa hata koma. Nani anamsahihisha mama mkwe wake?

Jumapili baada ya ibada nikawaonyesha. Simu ilizunguka sebuleni. Mume wangu akaitazama, akakohoa. Wifi yangu, ambaye naye ni mwalimu, akaweka mkono mdomoni, akauondoa, akasema, "Kazi iko propre," safi kabisa. Mama akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Aksanti, bukwe," akasema. "Unatumika sana," yaani nachapa kazi.

Akailaza simu kifudifudi mezani, akaomba chai. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimeshiba sifa, sikusikia kitu. Jioni ile ile nikatuma ukurasa kwenye vikundi vya simu vya wazazi, vya parokia, na vya wasichana waliowahi kulelewa pale.

Asubuhi simu ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa mmoja wa wasichana hao wa zamani, sasa ni muuguzi Mulongo. Alikuwa analia, akaniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, Mama alikufa na nini?"

"Mama gani?"

"Mama yetu. Tuliona photo yake."

Nikamwambia Mama yuko uani, anawapa kuku pumba. Akaniomba nisimchezee siku kama ile. Baada yake akapiga mchungaji mmoja wa upande wa Bukama, na kwa bahati mbaya yake simu aliipokea Mama.

"Tunauliza kilio iko fasi gani," mchungaji akasema, akitaka kujua msiba uko wapi.

"Kilio ya nani?"

"Ya mama mwalimu."

"Njo minyi," akajibu Mama: ndiye yeye.

Laini ikakatika. Hakupiga tena siku ile. Kabla ya adhuhuri wakaja wanawake wa parokia, vitenge vimefungwa kiunoni kwa msiba, na beseni la unga kichwani, wakamkuta marehemu anaanika mashuka. Mmoja alikaa chini palepale kwenye vumbi. Walipomaliza kumshika-shika Mama mikono na mashavu walicheka mpaka wakalia machozi waliyokuja nayo. Unga waliuacha. Mama alisema unga wa kilio chake ataula mwenyewe.

Walicheka wote isipokuwa mimi. Nilimvuta mume wangu chumbani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na dada yako?"

"Yee alijua wa kwanza."

"Na mukaniambia iko propre?"

Akakaa kitandani, akajikuna shingo. "Nani angekuambia? Mama aseme bukwe yake anamutia mu photo ya kilio? Bantu batasema unamutakia kifo. Yee mwenyewe alitukataza. Alisema tusikuumize."

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Wageni walikuwa wakimlilia kutoka Bukama mpaka Mulongo, vitanda vyake vitupu, Septemba inakuja, na yeye aliona afadhali awe maiti kwenye simu za watu kuliko kuniambia mimi neno moja. Nililia kidogo, kwa hasira na kwa aibu vikichanganyika. Halafu damu ya reli ikapanda. Niliufuta ukurasa, nikanawa uso, na siku iliyofuata, walipokuwa wote sebuleni, nikasimama mbele ya ukuta kama mwanafunzi wa ualimu mwenye somo, mikono nyuma.

"Mama," nikasema, "leo minyi niko élève-maître. Ile site njo leçon yangu. Munifanyie critique."

Mkwe hasemi hivyo mbele ya mama mkwe. Mume wangu alianza kuchunguza dari. Mama alinitazama mpaka nikataka kuondoka, kisha akainuka, akakivuta kiti chake hadi nyuma kabisa, karibu na mlango, akakaa.

"Points positifs," akasema. "Nani anaanza?"

Wifi alisema mambo yamepangwa vizuri na hakuna kosa la maandishi. Mume wangu alisema ukurasa unafunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu. Mama akasema, akiniita mwalimu, "Maîtresse anapenda leçon yake. Ile inaonekana." Nikaanza kujisikia nafuu, na huo ulikuwa upumbavu.

"Sasa ya kutengeneza. Minyi nitaanza na photo." Akashusha miwani. "Nilijiangalia mule ndani, nikasema: kumbe nilikufa, na batoto yangu habakuniambia."

Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikacheka, lakini Mama hakucheka. Aliendelea kwa sauti ile ile ya darasani. "Muzazi wa Mulongo anatafuta mama wa kulinda mutoto wake. Weye unamupatia marehemu. Marehemu habapike bukari."

Kutoka kwa ugali wa marehemu yakafuata mengine. Maandishi membamba kama nywele. Dhahabu juu ya nyeusi haisomeki juani, na kwetu watu husomea simu nje, pale mtandao unaposhika. Namba ya simu imejificha chini kabisa. Nilipiga picha vyumba vitupu, mashuka yamenyooshwa, hakuna beseni, hakuna kandambili, hakuna mtoto, mtu anaweza kudhani watoto walikimbia. Niliuma ulimi. Nilitaka kuwaeleza habari za wanasheria wa Lubumbashi na ladha yao. Mimi ndiye yule anayewaambia wachumba dukani kwake kwamba kadi waliyochagua inafanana na sanduku la biskuti. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Lakini jambo moja lilinishangaza: kila neno liliniuma, na hakuna hata moja lililonidharau.

"Mwenye leçon," Mama akasema, "uko na neno?"

Desturi ni kushukuru na kuketi. Nikashukuru. Sikuketi.

"Niko na critique yangu pia, Mama. Ya ile mambo uliandika."

Mume wangu akakohoa kile kikohozi chake. Nilianza na mazuri ya zile kanuni: kila marufuku iko wazi, mtu haulizi mara mbili. Kisha nikaja kwenye ya kurekebisha.

"Lakini kila mustari inaanza na interdit. Interdit kutoka. Interdit kupokea bantu. Interdit kuleta redio. Interdit kusema sala ikiisha. Mutoto wa Kabondo-Dianda akisoma ile, atarudia ku shamba. Hata minyi ningekimbia."

Yule mama alikaa nyuma ya madarasa maisha yake yote ya kazi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsimamisha yeye ubaoni. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, taratibu, kioo hiki halafu kile.

"Continuez," akasema.

Nikaendelea kwa sababu sikuwa na njia nyingine. "Batoto bakifika hapa, habakute interdit. Minyi naonaka. Banakuta kitu ingine. Andika ile."

Akafikiri. Akaniambia nichukue simu niandike, na akaanza kutamka, macho yakiwa dirishani.

"Mutoto akifika, hatumuulize kitu. Anaoga, anakula. Siku ya kwanza akitaka kulia, analia, hatumukataze. Minyi nalala chumba ya pembeni, na mulango yangu inabakia wazi. Akigonjwa, namupeleka mwenyewe ku hôpital, napigia muzazi wake tukiwa njiani." Akanigeukia. "Inatosha?"

"Inatosha, Mama," nikasema.

Tukapiga picha nyingine, ya rangi, Mama uani na mwiko mkononi, anamcheka mtu ambaye haonekani, na nyuma yake wasichana wawili waliobaki likizo wanagombania ndoo. Nikaweka ukurasa mweupe, herufi nene, namba juu kabisa. Maneno yake niliyaacha kama alivyoyatamka.

Septemba wasichana wakaanza kuja. Wengine walishuka treni, wengine waliletwa na lori. Namkumbuka mama mmoja kutoka Kabondo-Dianda aliyefika kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka vidole, binti yake kabanwa katikati yake na dereva. Jina la Mama hakulijua. Aliuliza getini, "Ule mama wa mulango wazi, yee iko?" Nikamwonyesha, na nilijikuta natabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Vitanda vikajaa. Shemeji alipopiga kutoka Lubumbashi kuuliza aje lini kumchukua Mama, alijibiwa kwa ufupi: "Ile chumba uipangishe. Minyi niko na batoto." Akanirudishia simu kabla mwanawe hajamaliza kuvuta pumzi, akaniambia nikaandike kwenye tovuti kwamba tumejaa, wazazi wasijichoshe bure na zile barabara.

Nikaketi, nikaandika kwa adabu yote niliyojifunza katika nyumba ile: "Nafasi zimejaa. Tafadhali subirini mwaka ujao." Mama akavuta kiti nyuma yangu, akavaa miwani, akasoma. Nilingoja mazuri kwanza. Safari hii aliyaruka.

"Futa," akasema. "Andika: bitanda bilijaa, lakini kama uko njiani na mutoto, kuya tu."

Nikafuta, nikaandika kwamba aliye njiani aje tu, na asubuhi tukaenda sokoni yeye na mimi kutafuta magodoro.