Sindano Zilizobaki za Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, nikitoka chuoni, Mkuu wa Maabara alinikabidhi hadubini moja na chumba kisicho na mtu mwingine. Alisema hospitali yetu ya Dodoma ina wapima malaria wengi, lakini wa kusoma saratani nitakuwa peke yangu. Nililipokea jambo hilo kama heshima. Baadaye nilijua lilikuwa upweke.

Miaka hiyo maduka binafsi ya dawa yalikuwa yakifunguliwa, na dawa za saratani, zilizokuwa adimu, zilianza kupatikana. Ndipo Mzee Hamisi, mkulima wa kijiji cha Busi, alipomleta binti yake Zaituni, taya limevimba na meno yamelegea. Nilivuta seli kwa sindano, nikazipaka kwenye kioo, nikazitia rangi. Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga.

Ninyi vijana wa maabara mmefundishwa darasani yale ambayo sisi tuliyaokoteza. Seli yenye afya huishi kwa kuambiwa: vichocheo vya ukuaji kutoka kwa jirani zake hugusa vipokezi vyake, navyo hupeleka habari ndani kwamba iendelee kuishi. Habari zikikatika, hujiua kwa utaratibu. Seli ya limfoma haimngoji jirani. Hujiamuru yenyewe kuishi.

Baada ya sindano ya kwanza ya dawa, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Nilipima tena, nikamwita Mzee Hamisi atazame.

"Seli za saratani hazionekani, Mzee."

"Basi tumepona, mwanangu. Ndege wananimalizia mtama kule."

Nilipaswa kumwambia kwamba zilizojificha bado zinajiamuru kuishi, na kwamba sindano zimebaki. Nilicheka naye, nikidhani daktari angemweleza. Waliondoka kabla daktari hajapita wodini.

Walirudi baada ya mavuno, uvimbe umefika jichoni. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliniita, akaniuliza nilimwambia nini yule mzee. Nilipomweleza, aliagiza majibu yangu yote yapitie kwake. Safari hii dawa haikufua dafu. Zaituni alifariki.

Mzee Hamisi alikuja kuniaga. Nilimwamkia shikamoo.

"Ulisema ulichokiona," alisema, akanishika mkono.

Sasa nimestaafu, na siku hupita bila mtu kunihitaji. Majibu mengi niliyoyasoma sawasawa nimeyasahau. Ila miaka yote hii nimetamani mzee yule angenigombeza, walau ningepata la kujitetea.